Fangasi isiyoisha: Dawa nyingi, kipimo hakuna

*Muwasho, harufu na majimaji vinavyorudi kila baada ya wiki chache huitwa fangasi au UTI, hununuliwa dawa, hupoa, kisha hurudi. Mara nyingi kinachokosekana si dawa kali zaidi. Ni mtu wa kupima.*

Kwenye maduka mengi ya dawa mitaani mazungumzo haya hayafiki dakika mbili. Mwanamke husubiri wateja wengine watoke, husogea karibu na kaunta na kushusha sauti: “Naomba dawa ya fangasi.” Muuzaji huuliza, “Ya kumeza au ya kuweka?” Hutoka kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150, au pakiti ya klotrimazoli ya kuweka ukeni pamoja na kijiti chake, vikatiwa bahasha ndogo ya kaki, na mteja akaondoka. Wiki tatu baadaye yuko palepale. Safari hii anasema dawa ya kwanza haikumsaidia, anaomba yenye nguvu zaidi. Hakuna aliyemuuliza kama kinachomsumbua ni muwasho au harufu, majimaji yana rangi gani, ana mimba au hana, wala ni dawa gani alitumia mwezi uliopita.

Akienda zahanati, huenda akaambiwa ni UTI na kupewa antibiotiki. Akirudi tena, jina hubadilika, dawa hubadilika, na gharama hupanda. Hoja ya makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya maradhi ya ukeni tunayodhani yameshindikana hayajashindikana hata kidogo. Hayajawahi kutambuliwa. Na anayelipa gharama ya kukisia huko, kwa fedha, kwa aibu na kwa afya yake, ni mwanamke peke yake.

Magonjwa matatu yanayofanana

Uke wenye afya hauko mkavu, wala haukosi harufu yake ya kawaida. Ndani yake wanaishi bakteria waitwao laktobasili, ambao hutengeneza asidi na kuufanya uwe na kiwango cha pH cha kati ya 3.8 na 4.5, hali ambayo vimelea vingi vya maradhi haviipendi. Ute hubadilika kadiri mzunguko wa hedhi unavyokwenda: katikati ya mwezi huwa mwepesi, unaovutika na kuteleza, siku za karibu na hedhi huweza kuwa mweupe na mzito zaidi. Hayo si maradhi, na kuna wanawake wanaomeza dawa miaka nenda rudi kwa ajili ya ute ambao ni wa kawaida kabisa. Kinachostahili kushtua ni mabadiliko: rangi mpya, harufu mpya, muwasho, maumivu.

Mabadiliko hayo, kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, mara nyingi hutokana na moja ya mambo matatu. Fangasi ya kandida huleta muwasho mkali, wekundu na uvimbe wa mashavu ya uke, na majimaji meupe yaliyokatika kama mtindi, kwa kawaida bila harufu kali. Mkojo ukigusa ngozi iliyochubuka huchoma. Inakadiriwa kuwa wanawake watatu kati ya wanne huipata angalau mara moja maishani, na hupendelea zaidi wajawazito, wanaotumia antibiotiki, wenye kisukari kisichodhibitiwa na wale ambao kinga yao ya mwili imeshuka. Jambo la pili ni mvurugiko wa bakteria ukeni, ambao madaktari huuita vajinosisi ya bakteria. Hapo laktobasili hupungua na bakteria wengine hushika nafasi. Dalili yake kuu si muwasho. Ni majimaji mepesi ya kijivu au meupe yenye shombo la samaki, linalozidi baada ya tendo la ndoa au wakati wa hedhi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kati ya asilimia 23 na 29 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa duniani wana hali hii. La tatu ni trikomona, kidudu kinachoambukizwa kwa ngono, ambacho huleta majimaji ya njano au kijani, wakati mwingine yenye povu, pamoja na muwasho na maumivu. WHO ilikadiria maambukizi mapya milioni 156 ya trikomona katika mwaka 2020 pekee. Wanaume wengi walionacho hawaoni dalili yoyote.

Sasa tazama kinachotokea dawa isipokutana na ugonjwa wake. Flukonazoli haiui bakteria wala trikomona. Metronidazoli, inayotibu hao wawili, haigusi fangasi. Tena antibiotiki yoyote huweza kuwapunguza laktobasili na kuifungulia fangasi mlango. Mwanamke mwenye shombo akipewa dawa ya fangasi hatapona, ingawa siku za hedhi zikipita anaweza kudhani amepata nafuu. Harufu ikirudi atapewa antibiotiki ya UTI, na baada ya hapo atapata fangasi ya kweli. Kufikia mwezi wa nne ana magonjwa mawili, na ukimsikiliza atakwambia ana moja lililokataa kupona.

> Kufikia mwezi wa nne ana magonjwa mawili, na ukimsikiliza atakwambia ana moja lililokataa kupona.

“Naujua mwili wangu”

Wapo watakaosema mwanamke anayeugua jambo lilelile mara ya tano analijua kuliko daktari. Hoja hii ina uzito, kwa sababu wanawake wamepuuzwa mno katika vyumba vya matibabu na malalamiko yao kuitwa ya kawaida. Lakini ushahidi hauiungi mkono. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, wanawake 95 waliokuwa wamejinunulia wenyewe dawa ya fangasi walipimwa. Waliokutwa na fangasi peke yake walikuwa takribani theluthi moja. Waliobaki walikuwa na mvurugiko wa bakteria, maambukizi mchanganyiko au sababu nyingine, na zaidi ya mmoja kati ya kumi alikuwa na uke wa kawaida usiohitaji dawa. Waliowahi kuambiwa na daktari kuwa wana fangasi hawakuwa mahiri zaidi katika kujitambua kuliko wale ambao hawakuwahi. Kwetu mgawanyo wa magonjwa hauwezi kulingana na wa Marekani, lakini sioni sababu ya kuamini kwamba macho na pua za wanawake wa Temeke au Kisumu zinaweza kutenganisha vitu ambavyo hata mganga mwenye uzoefu hushindwa kuvitenganisha bila kipimo.

Suala la UTI linahitaji maelezo yake, maana ndilo jina linalotolewa kwa haraka kuliko yote. Maambukizi ya njia ya mkojo huleta haja ya kukojoa mara kwa mara, kidogokidogo, na maumivu yanayosikika ndani wakati wa kukojoa. Hayaleti majimaji ukeni. Tatizo ni namna mkojo unavyochukuliwa. Mwanamke mwenye majimaji mengi akipewa kikopo bila maelekezo, mkojo wake hupita juu ya majimaji hayo na kubeba chembe nyeupe za damu pamoja na bakteria wa ukeni. Maabara itaandika “pus cells” nyingi kwa uaminifu kabisa, na aliyeomba kipimo atasoma UTI. Sampuli sahihi ni mkojo wa katikati, baada ya kujifuta, na majibu yakitiliwa shaka mkojo huo uoteshwe kabla ya kuanza dozi ya tatu ya antibiotiki.

Hoja ya Mwanza

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa afya ya jamii, na limezaliwa hapahapa kwetu. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza, watafiti walijaribu jambo ambalo wengi walilidharau: kuwafundisha watumishi wa vituo vya afya kutibu magonjwa ya ngono kwa kufuata dalili tu, bila maabara, na kuhakikisha dawa zipo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kuwa maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takribani asilimia 40 katika jamii zilizopata huduma hiyo zikilinganishwa na zile ambazo zilikuwa hazijaipata. Anayebeza tiba ya dalili anapaswa kwanza kukumbuka idadi ya watu waliookolewa nayo. Kumwambia mama wa kijijini asitibiwe mpaka apimwe kunaweza kumaanisha asitibiwe kabisa.

Nalikubali hilo lote, na bado nasema halimhusu mwanamke tunayemzungumzia. Tiba ya dalili ina nguvu kwa vidonda na kwa usaha wa wanaume. Udhaifu wake mkubwa unaojulikana miaka yote ni majimaji ya ukeni, kwa sababu sehemu kubwa yake haitokani na magonjwa ya ngono, na dalili zenyewe huingiliana. WHO, iliyoueneza utaratibu huo, katika mwongozo wake wa mwaka 2021 imeshauri kwamba mwenye majimaji ukeni apimwe pale vipimo vinapopatikana, na tiba ya dalili itumike pale visipokuwapo. Tofauti ninayoitaka ni ya mara ya kwanza na mara zinazofuata. Mara ya kwanza, palipo mbali na maabara, kutibu kwa dalili ni busara. Mara ya tatu, kurudia kukisia kulekule si unafuu wa gharama tena, maana dozi tatu zimeshalipiwa na ugonjwa upo palepale.

Na kipimo chenyewe si cha ajabu. Kijiti cha pamba hupitishwa ukeni, tone la majimaji huwekwa kwenye kioo pamoja na tone la maji ya chumvi, hufunikwa, na kioo huwekwa chini ya hadubini papo hapo. Trikomona akiwapo huonekana akitikisika na kuzunguka. Kioo kikikaa mezani hupoa, kidudu hutulia, na ndiyo maana sampuli isiyosomwa mapema hutoa majibu ya uongo. Katika mvurugiko wa bakteria, seli za ukuta wa uke huonekana zimegandwa na bakteria mpaka kingo zake hazieleweki. Likiongezwa tone la dawa iitwayo potasiamu haidroksaidi, shombo la samaki hupanda hapohapo, na seli zikishayeyuka nyuzi za fangasi hubaki peke yake. Karatasi ya kupimia asidi hukamilisha kazi: pH ikizidi 4.5, fangasi peke yake si mshukiwa wa kwanza. Vituo vingi vya afya tayari vina hadubini zilizonunuliwa kwa ajili ya malaria na kifua kikuu. Ni kweli kwamba kioo hiki huweza kumkosa trikomona katika karibu nusu ya wenye nao, kwa hiyo majibu safi kwa mwenye dalili si mwisho wa safari. Lakini hata hivyo ni taarifa, na kwenye kaunta hakuna taarifa yoyote. Kwa anayeogopa kulazwa kitandani na kuingizwa kifaa, tafiti zimeonyesha kuwa kwa vipimo vingi vya aina hii sampuli anayojichukulia mwanamke mwenyewe chooni hutosha.

Silaumu maduka ya dawa muhimu. Mpango ulioyazaa, ulioanza mkoani Ruvuma mwaka 2003, uliziba pengo kubwa kwa kuwafundisha wauzaji na kuwapa orodha ya dawa wanazoruhusiwa. Muuzaji aliyefunzwa anaweza kuwa mtu wa kwanza kusema, “Dada, hii ni mara ya pili. Nenda ukapime kwanza.” Sentensi hiyo inampotezea mauzo ya siku hiyo, na hapo ndipo wakaguzi na mafunzo yanapotakiwa kumsaidia aiseme.

Usafi unaoharibu

Sababu ya pili ya maradhi kurudi tunaitengeneza bafuni. Wasichana wengi wamefundishwa, na kungwi, na shangazi au na matangazo ya mitandaoni, kwamba mwanamke safi hujiosha ndani kwa kidole na sabuni, na kwamba mwanamke anayejali ndoa yake hutumia shabu, limao, mafusho au vidonge vya “kubana.” Nia yao ni njema na heshima wanayoilinda ni ya kweli. Lakini sabuni haichagui: inaondoa laktobasili pamoja na kila kingine, asidi inashuka, na bakteria wa shombo wanapata uwanja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliounganisha takwimu za wanawake zaidi ya 14,000 kutoka tafiti 13 za Afrika kusini mwa Sahara, ulikuta uhusiano kati ya kuosha ndani kwa sabuni na kuvurugika kwa bakteria wa ukeni. Matumizi ya sabuni, vitambaa au karatasi ndani, na vitu vya kukausha au kubana, yalihusishwa pia na kuongezeka kwa hatari ya kupata VVU.

Watetezi husema mama zetu walifanya hivyo na walizaa salama. Wengi walifanya, ndiyo, na wengi waliugua kimya kwa kuwa hapakuwa na wa kumwambia. Isitoshe, anayejiosha ndani kwa sababu ya harufu anaongeza kile anachokimbia, kisha anaosha zaidi. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha. Ndani hujisafisha penyewe. Kungwi anayesikilizwa na wasichana ana uwezo mkubwa zaidi wa kulibadilisha hili kwa msimu mmoja kuliko bango la wizara kwa miaka kumi.

Na mume je?

> Wanawake wenye mvurugiko wa bakteria waliotibiwa peke yao: asilimia 63 waliugua tena ndani ya wiki 12. Waliotibiwa pamoja na wenza wao: asilimia 35.

Kwa trikomona hakuna mjadala: mwenza asipotibiwa, mwanamke ataambukizwa upya na dawa italaumiwa bure. Fangasi kwa kawaida si ya kuambukizana kwa ngono, na mwenza asiye na dalili hahitaji dawa. Kilichobadilika ni mvurugiko wa bakteria. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kumtibu mwanamume hakusaidii, kwa kuwa majaribio ya zamani hayakuona faida. Mwezi Machi 2025 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la Australia, lililoongozwa na watafiti wa Melbourne, kwa jozi 164 za wapenzi walio katika uhusiano wa mtu mmoja kwa mmoja. Wanaume wa kundi moja walipewa vidonge vya metronidazoli pamoja na krimu ya klindamaisini ya kupaka uumeni, mara mbili kwa siku kwa siku saba. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba jaribio lilisitishwa kabla ya wakati. Krimu ndiyo nyongeza ya maana, kwa sababu bakteria hao hukaa pia kwenye ngozi ya uume.

Najua ugumu wa kulipeleka jambo hili nyumbani. Mwanamke akisema “na wewe umeze dawa,” linaweza kusikika kama shutuma, na katika nyumba nyingine shutuma huishia kwa kipigo. Ndiyo maana mzigo huu haupaswi kuachwa mabegani mwake. Mtoa huduma ndiye anayepaswa kumwita mwanamume, kumweleza kwamba mvurugiko wa bakteria si ushahidi wa usaliti wa yeyote, na kumkabidhi dozi yake mkononi. Wanaume wanaosindikiza wake zao kliniki ya wajawazito wanaweza kufika na hapa. Na mwanamke anayehofia usalama wake atibiwe hata mwenza asipofika.

Hata ukipimwa, huenda irudi

Kuna pingamizi la mwisho, nalo linatoka kwa waliopimwa vizuri na bado wanaugua. Wana haki ya kuambiwa ukweli. Mvurugiko wa bakteria, hata ukitibiwa sawasawa kwa metronidazoli siku saba, hurudi kwa zaidi ya nusu ya wanawake ndani ya mwaka mmoja. Fangasi inayojitokeza mara tatu au zaidi kwa mwaka nayo ni hali inayotambulika kitabibu, na kidonge kimoja hakiitoshi. Tiba iliyothibitishwa ni flukonazoli dozi tatu, kila baada ya siku tatu, kisha kidonge kimoja kila wiki kwa miezi sita. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004, wanawake tisa kati ya kumi waliofuata utaratibu huo walikaa miezi sita bila kuugua. Baada ya kuacha, wengi wao walirudiwa. Kwa trikomona, jaribio la mwaka 2018 lilionyesha kwamba kwa wanawake dozi ya siku saba huponya zaidi kuliko vidonge vyote vya siku moja, vile vinavyopendwa kwa sababu huisha haraka.

Takwimu hizi ndizo zinazoifanya hoja ya kupima iwe na nguvu zaidi. Tiba ya miezi sita haiwezi kuanzishwa kwa kukisia. Anayeipata anapaswa kuwa na uhakika kwamba ni fangasi, ni fangasi ya aina inayosikia flukonazoli, hana mimba (mjamzito hutumia vidonge vya kuweka ukeni kwa siku saba, si vya kumeza), na amepimwa sukari na VVU, kwa kuwa mara nyingine fangasi inayorudi ndiyo taarifa ya kwanza ya kisukari. Hayo yote hayafanyiki kwenye kaunta.

Wasiopaswa kusubiri

Wapo ambao hata mara ya kwanza hawafai kupitia dukani: mjamzito, kwa sababu baadhi ya maambukizi haya huhusishwa na kujifungua kabla ya wakati, mwenye homa au maumivu ya chini ya kitovu, ambayo huashiria kwamba maambukizi yamepanda kwenye kizazi na mirija, msichana mdogo ambaye hajavunja ungo, na aliyeingiliwa kwa nguvu, ambaye dawa ya kuzuia VVU inamfaa ndani ya saa 72 tu.

Na yupo anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au aliyekwisha koma hedhi na sasa anaona majimaji yenye damu na harufu mbaya. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshasambaa, baada ya miezi ya dawa za fangasi na UTI. Anahitaji mtu wa kuitazama shingo ya kizazi kwa macho, siku hiyohiyo. Kwa mwanamke asiye na dalili hizo, kipimo cha siki huchukua dakika chache: shingo ya kizazi hupakwa siki, muuguzi husubiri, na sehemu yenye hitilafu hugeuka nyeupe mbele yake.